Shingo Isiyo na Vyuma

Nairobi
Jumatatu, 20 Februari 1978

Kwa Mwalimu wangu Edris Ramathan,
Burumba, Busia

Nakuandikia kukuarifu kwamba shingo ya gita lako la besi ilinifikia salama, kwamba imekwisha kutengenezwa, na kwamba imetengenezwa zaidi ya ulivyoniomba.

Barua yako ilikuwa na mistari minne tu. Uliniomba nimtafute fundi wa ala za muziki aipake shingo hiyo vanishi ngumu ya aina inayopakwa mashua, kwa kuwa huko Busia haipatikani. Uliniomba pia nikununulie nyuzi za bapa, zile zilizoviringishiwa utepe laini, kwa sababu nyuzi za kawaida zinakwaruza mbao. Hukueleza zaidi. Lakini nilipolifungua gunia nikaiona shingo yenyewe, nilielewa papo hapo jambo ambalo heshima yako ilikuzuia kulitaja. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo na kumwonyesha mpigaji mahali pa kila sauti havikuwapo hata kimoja. Mtu alikuwa ameving'oa vyote ishirini, kisha akaziba mifereji yake kwa vijiti vya mbao ili wizi wake usigundulike.

Sikushangaa. Mimi ni mtoto wa mpakani, nami najua kwamba tangu mambo ya upande wa pili wa mpaka yaharibike, kila kinachong'aa hupata mnunuzi.

Nilimpelekea Bwana Pinto, Mgoa mwenye karakana ambayo wanamuziki wa mahoteli makubwa huitegemea. Amevichokoa vijiti vile, amesafisha mifereji, na ameweka vyuma vipya ambavyo amevifunga kwa gundi isiyoachia hata gita likitumbukia mtoni. Gharama ni juu yangu, na nakuomba tusiizungumzie. Kuhusu nyuzi za bapa, sikuona haja yake tena, kwa sababu juu ya vyuma vipya nyuzi za kawaida hulia kwa uangavu zaidi. Hizo ndizo nilizonunua.

Sijasahau, Mwalimu, kwamba kwa miaka minne ya sekondari nililala chini ya paa lako, nyumbani Malaba kukiwa mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Wala sijasahau kwamba jioni, ukishafunga duka lako la kutengeneza redio, ulinikalisha juu ya kreti ya soda ukanifundisha kusikiliza kabla ya kupiga. Leo mimi ni Afisa Msaidizi wa Mipango, ingawa bado niko katika kipindi cha majaribio, na ofisi yangu ina zulia. Nimeona ni haki matunda ya kwanza ya elimu yangu yafike mikononi mwako.

Nisalimie Mama Nusura. Ukifika Malaba, mwambie Babu Ochom kwamba Pasaka nitakuwa nyumbani.

Wako mtiifu,
Emukule J. Omagor, B.A.


Burumba, Busia
27 Februari 1978

Emukule mwanangu,

Salaam. Shingo imefika Ijumaa na basi la mchana, kondakta ameileta mpaka mlangoni. Imeng'aa sana. Ziada wa duka la vitenge alipita akasema, "Boss, umenunua gita mpya?" Nikamwambia ni ile ile, imetoka tu kusoma Nairobi.

Nashukuru. Najua umetoa mfukoni na umetoa kwa moyo. Mungu akuongeze.

Nina swali moja dogo. Vile vijiti vilivyotoka kwa mifereji, fundi alitupa ama bado viko kwake? Kama viko, usiache vitupwe. Kama vimetupwa, basi, haidhuru.

Babu yako Ochom ni mzima kiasi. Kifua kinamsumbua mvua ikikaribia. Kila nikienda ananiuliza Pasaka ni lini. Nimemwambia tarehe ishirini na sita Machi, na sasa anahesabu. Usikose.

Mimi,
Edris Ramathan


Nairobi
8 Machi 1978

Mpendwa Mwalimu Edris,

Barua yako imenipa furaha kubwa. Nimeisoma mara mbili, na neno lako kwamba shingo imeng'aa nimelisoma mara tatu.

Kuhusu vile vijiti, usiwe na wasiwasi wowote. Takataka zote za kazi ile zilifagiliwa. Hakuna chembe iliyobaki ndani ya mifereji ambayo ingeweza kulegeza vyuma vipya.

Kwa kuwa sasa gita lako limekamilika, naomba ruhusa nikutajie jambo nililolisoma maktabani. Wataalamu wa muziki wameigawa sauti katika hatua kumi na mbili zilizo sawasawa, na vyuma vya gita hukaa hasa juu ya hatua hizo. Mpigaji akibonyeza baina ya chuma na chuma hawezi kukosea, hata kama sikio lake limechoka. Nakutajia haya kwa sababu nakumbuka kwamba nyakati nyingine ulipenda kuuvuta uzi upande ili sauti iteleze. Kwa ala kamili kama uliyo nayo, mazoea hayo unaweza kuyaacha. Nitakutafutia kitabu cha mazoezi chenye michoro.

Sasa habari isiyopendeza. Pasaka sitaweza kufika. Mkuu wa idara yetu amewaalika maafisa wachache nyumbani kwake Limuru Jumapili hiyo hiyo, na jina langu limo. Wewe ni mtu mzima. Unaelewa kwamba nafasi ya namna hii haimjii afisa wa majaribio mara mbili. Mweleze Babu kwa upole. Kuhusu adeudeu, kinubi chake, nakusudia kumwandikia mtaalamu mmoja wa chuo kikuu aje siku moja airekodi kwa vyombo vinavyofaa. Babu na asubiri kidogo.

Wako mtiifu,
Emukule J. Omagor, B.A.


Burumba
29 Machi 1978

Emukule,

Nakuandikia bila Baba Nusura kujua. Amekwenda Matayos kutengeneza redio ya kanisa na atarudi jioni, kwa hivyo nitaandika haraka na wewe utasoma polepole.

Hakuna mwizi aliyeiba vyuma vya gita. Ni Edris mwenyewe aliving'oa.

Nisikilize. Unajua vinubi vya babu yako vilikuwa viwili. Adeudeu ndogo anapiga yeye, na ile kubwa ya sauti ya chini anapiga Opolot rafiki yake. Mwaka jana Opolot alivuka mpaka kwenda Tororo kumwona binti yake na hajarudi. Hatujui kama yuko hai. Basi babu yako akaitundika adeudeu ukutani. Edris akamwambia, "Mzee, piga tu, nikurekodi kwa kaseti, nyimbo zisipotee." Akakataa. Akasema, "Ndogo ikilia bila kubwa, hiyo si ngoma. Hiyo ni mtoto ameachwa sokoni."

Edris akasema, mimi nitakuwa hiyo kubwa. Akafunga besi, amplifaya na betri ya gari juu ya baiskeli mpaka Malaba. Hawakupatana. Sauti za adeudeu haziketi penye vyuma vya gita, zinaketi katikati. Babu yako alivumilia wimbo mmoja, kisha akasema, "Ramathan, kila nikisema neno, chuma chako kinanisahihisha. Mimi ni mzee. Nilichoka kusahihishwa tangu wakati wa Mzungu."

Ndiyo Edris akaanza kuving'oa. Alichukua pasi yake ya kuungia nyaya, anakipasha chuma kimoja mpaka kinalegea mahali pake, halafu anakivuta kwa koleo, pole, kama mtu anayetoa mwiba kwa mguu wa mtoto. Miezi miwili. Na ile mifereji ikabaki wazi. Unajua ilizibwa na nini? Adeudeu kubwa ya Opolot ilikuwa imebaki kwa babu yako, imepasuka jua. Babu yako alikata mti wake, akachonga vijiti yeye mwenyewe kwa kisu, na macho yake yale yaliyofifia unayoyajua. Vyote ishirini. Alisema, "Hivi Opolot atakuwemo."

Januari walikuwa wamepatana. Nilikwenda nikasikia. Shangazi yako Apolot aliacha ugali ukaungua. Tatizo lilikuwa moja tu, nyuzi zilikuwa zinakwaruza mbao, kwa hivyo Edris akaomba kwako vanishi na nyuzi laini. Hakukueleza sababu. Nilimwambia, "Mweleze kijana." Akasema, "Huyu sasa ni msomi, nikimwambia nimeng'oa vyuma vya gita nzima atafikiri nimerukwa na akili. Wacha asikie kwa masikio yake Pasaka." Walitaka kurekodi siku hiyo na wewe ukiwepo. Babu yako alisema hatapiga mpaka mjukuu wake abonyeze mashine.

Jumamosi ya Pasaka tulikwenda hivyo hivyo. Babu yako alipapasa ile shingo yako mpya, akauliza, "Nani ameijengea reli?"

Edris akasema, "Ni zawadi, mzee. Emukule ametuma."

Babu yako akapapasa tena mpaka mwisho. "Ni reli kabisa. Treni haipigi kona inapotaka, inapiga pale mhandisi alitaka." Kisha akasema, "Ni nzuri. Tusimwambie."

Walijaribu nyimbo tatu. Ya tatu akaiacha katikati, akasema mkono haumtii leo. Apolot akamuuliza, "Mkono ama sikio?" Akajibu, "Apolot, lete chai."

Sasa Edris ameanza tena kuving'oa, lakini hiyo gundi ya fundi wako haisikii moto. Chuma kikitoka kinabandua mbao, vipande vinaruka kama maganda ya njugu. Sijamwona akikasirika. Anafagia, anakaa, anaanza kingine. Na babu yako anakohoa sana.

Sikulaumu, mwanangu. Nimekuambia ili uje sasa, si kesho kutwa.

Zulaika, mama Nusura


Nairobi
7 Aprili 1978

Mpendwa Mama Zulaika,

Nimepokea barua yako, na nimehuzunika kuliko niwezavyo kueleza.

Naomba uamini kwamba nilitenda kwa nia njema kabisa, na kwa kutojua. Fundi hakunieleza lolote ambalo lingeweza kunishtua. Lau angenidokeza, ningesita.

Pamoja na barua hii natuma nyuzi za bapa ambazo Mwalimu aliziomba tangu mwanzo. Vanishi itafuata. Kuhusu safari, nitathibitishwa kazini mwishoni mwa Mei, na kabla ya hapo si busara kuomba ruhusa. Juni nitakuja, na nitakaa wiki nzima. Tafadhali mwambie Babu ajitunze hadi Juni.

Wako mtiifu,
Emukule J. Omagor


Burumba
15 Mei 1978

Emukule mwanangu,

Sikupata nafasi ya kukushika mkono siku ya mazishi ya babu yako. Niliona Land Rover ya wizara inakungoja, na wale wageni wako wakiangalia saa. Nilikuwa nyuma, chini ya turubai, pamoja na watu wa Amukura. Nilikusikia ukisoma wasifu. Ulisoma vizuri, sauti yako ilifika mpaka nyuma.

Naandika kukueleza siku zake za mwisho kwa sababu naona hakuna aliyekueleza.

Zulaika aliniambia kuwa alikuandikia. Nilimgombeza, kisha nikamshukuru. Kosa lilikuwa langu pia. Ningekueleza kwa barua mistari kumi badala ya minne, haya yote hayangekuwa. Niliogopa kucheka kwako. Mtu akimfundisha mtoto, halafu mtoto akapanda juu, huyu wa chini anaanza kuficha mambo yake. Ni ujinga, lakini ndivyo ilivyo.

Mwezi wa nne nilikwenda Malaba kila Ijumaa baada ya swala. Nyuzi zako laini zilifika, nilizifunga. Vyuma nilikuwa nimetoa saba, kumi na tatu vilikuwa bado. Babu yako alikuwa hawezi kukaa, lakini aliomba adeudeu ishushwe ukutani. Alilala nayo kifuani akaikaza uzi baada ya uzi, zote saba. Alichukua karibu asubuhi nzima. Nikamwambia, "Mzee, pumzika, hata tukiikaza sina pa kukufuata." Akasema, "Wewe ng'oa. Mimi nakaza. Tutakutana."

Nilikuwa napiga pale tu vyuma vilipotoka. Nyimbo zake nyingi zinapita juu zaidi, kwa hivyo nikifika penye chuma naacha, naruka, nangoja huko mbele. Alicheka. Alisema napiga kama mtu anayevuka barabara ya Busia siku ya soko. Ile ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Sikurekodi. Niliona tutangoja vyuma vyote vitoke na wewe ufike. Mashine ilikuwa hapo hapo miguuni, na betri imejaa. Hilo ni langu, si lako, na nalibeba.

Usijitese. Fanya kazi, uthibitishwe.

Edris Ramathan


Nairobi
22 Mei 1978

Mwalimu Edris,

Naandika barua hii ili kukiri jambo nililolificha katika barua nilizokuandikia wewe na Mama Zulaika. Nimeiandika mara nne, na mara tatu za kwanza nilijikuta nikitafuta maneno mazuri badala ya maneno ya kweli. Hii ndiyo ya nne.

Nilimwambia Mama Zulaika kwamba fundi hakunieleza lolote. Alinieleza. Nilipoiweka shingo yako juu ya meza yake, Bwana Pinto aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha juu ya vijiti, akauliza, "Nani amefanya kazi hii?"

Nikasema, "Mwizi fulani huko Busia."

Akacheka. "Mwizi hapigi msasa, bwana mdogo. Tazama, huwezi kuhisi mahali kijiti kinapoishia. Aliyefanya hivi alitaka iwe hivi. Mwulize mwenyewe kwanza."

Mwalimu, nilikuwa nimekwenda pale na maafisa wenzangu wawili wa ofisini. Niliwachukua kwa makusudi, ili waone jinsi ninavyomtendea mema mtu aliyenilea. Mmoja wao alikuwa ameitazama shingo ile iliyonyolewa akaniuliza kama ni mwiko wa kusongea ugali, na wote wawili wakacheka, nami nikacheka nao. Baada ya kicheko hicho sikuweza kusema kwamba mwalimu wangu ndiye aliyeitaka iwe hivyo. Nilimjibu Bwana Pinto, "Mwenyewe ni fundi wa redio wa mpakani. Hajui anachokitaka. Weka vyuma." Hayo ndiyo maneno yangu, nami nimeyaandika kama nilivyoyatamka.

Nilikuandikia kwamba nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimeelewa, lakini si kile nilichokuandikia. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba masikio hutangulia vidole. Nilijua kwamba mwizi hachongi vijiti ishirini. Nilijua pia kwamba barua moja ingetosha kukuuliza, na kwamba basi lingenirudishia jibu kabla ya wiki kwisha.

Kisha nikasimama kaburini nikasoma wasifu wa Babu. Nilisema alikuwa mpenzi wa utamaduni. Sikutaja wimbo wake hata mmoja, kwa sababu nilipokaa kuuandika wasifu ule niligundua kwamba nakumbuka hotuba ya Mkuu wa idara huko Limuru, neno kwa neno, na sikumbuki nyimbo za Babu zinaanzaje. Nilikuona chini ya turubai. Land Rover haikuwa na haraka. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba tuna haraka.

Barua yako ya tarehe kumi na tano ilinifikia Ijumaa. Jumamosi nilikwenda karakana kwa Bwana Pinto, safari hii peke yangu. Nilipoanza tu kueleza aliinua mkono kuninyamazisha, akafungua droo, akatoa kopo la tumbaku. Ndani yake mlikuwa na vijiti vya Babu vilivyofungwa kwa karatasi. Nilikuwa nimekuandikia kwamba vilifagiliwa, nami sikuwa nimeuliza hata mara moja. Alisema alivitoa kwa sindano, kimoja kimoja, kwa sababu hakuona moyo wa kuvipekecha, na kwamba alijua kuna siku mtu angevijia. "Nilidhani utakuja mapema zaidi," alisema.

Viko kumi na tisa. Kimoja kilivunjika. Viwili vina alama ya kisu pale mkono wake ulipoteleza.

Amenieleza pia siri ya gundi yake. Haisikii moto mkavu. Kitambaa kilicholowekwa kwenye siki kilazwe juu ya chuma, kisha chuma kipashwe taratibu kupitia kitambaa hicho, na mbao haitabanduka. Ameniazima koleo lake jembamba lililotiwa tupa mpaka likawa bapa, linaloingia chini ya chuma bila kuigusa mbao. Sikulipia chochote. Nilijaribu, akaniuliza kama sijajifunza bado.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba ruhusa nije Burumba na kopo hili, nikae juu ya kreti ile ya soda, nishike kitambaa huku wewe ukivuta. Siku yoyote utakayoitaja nitakuja, nimethibitishwa au sijathibitishwa.

Emukule


Burumba
31 Mei 1978

Emukule,

Barua yako nimeisoma dukani, nikafunga duka, nikaisoma tena. Zulaika amesoma pia. Amesema nikwambie kwamba wale wenzako wakitaka mwiko, anao mmoja hapa wa kuwafaa.

Nimekuelewa. Sitasema haikuniuma. Hayo maneno uliyomwambia Mgoa yameuma kuliko vyuma vyenyewe. Lakini umeyaandika kwa mkono wako, na hakuna aliyekulazimisha.

Sasa sikiliza jambo la haraka.

Jana nilikuwa Malaba. Adeudeu ya babu yako imetundikwa ukutani vile aliiacha, imekazwa na mkono wake. Apolot amekataza mtu kuigusa. Lakini mvua ni nyingi mwaka huu, na nyuzi zenyewe ni zile za wavu wa samaki kutoka Budalang'i. Zinanyonya unyevu zinalegea. Kati ya saba, mbili zimeshashuka. Nimezisikiliza kwa sikio karibu na ukuta, bila kushika. Tano bado ziko pale alipoziweka.

Unaelewa maana yake? Sauti zake hatukuziweka kwa kaseti, na hakuna karatasi iliyoziandika. Zimebaki kwa nyuzi tano tu. Zikilegea hizo, hata nikiwa na shingo safi kama ngozi ya mtoto, kidole changu hakitakuwa na pa kwenda.

Vyuma nimetoa kumi na moja, vimebaki tisa. Kwa kitambaa na siki, watu wawili watavimaliza kabla ya chakula cha mchana. Palipobanduka nimeshajaza unga wa mbao na gundi, pamekauka. Vijiti vyako kumi na tisa tutavirudisha mahali pake, na cha ishirini nimekata jana kwa mti wa adeudeu ya Opolot, bado ulikuwa konani nyumbani kwa babu yako. Nimechonga vibaya kuliko babu yako. Kitakuwa cha juu kabisa, pale mkono wangu haufiki mara nyingi. Vanishi tutapaka siku nyingine.

Halafu mtu lazima apige adeudeu, uzi mmoja mmoja, polepole, nami nitafute mahali pake kwa shingo na kuweka alama ya penseli ubavuni. Apolot hawezi, mkono wake unatetemeka. Utapiga wewe. Usiniambie umesahau. Ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa unamshikia babu yako anapokaza, na aliniambia sikio lako lilikuwa halidanganyi. Hata nyimbo ukiwa hukumbuki mwanzo wake, mkono unaweza kukumbuka. Tutaona. Mashine nitaleta. Utaibonyeza kwanza, kisha utakaa kwa kigoda chake.

Kwa hivyo usije Burumba. Teremka Malaba, nenda moja kwa moja nyumbani kwa babu yako, na usiingie na viatu vya ofisi, ua ni tope tupu. Beba kopo, koleo, na siki chupa nzima. Mvua siku hizi inaanza mchana saa nane, tuwe tumemaliza kabla hewa haijalowa.

Jumamosi, tarehe kumi Juni, saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa nimeshafika.

Edris